Maswali tunayoulizwa kuhusu huduma yetu ya kuchapisha mtandaoni

Tuko wawili katika chumba kimoja Ngamiani, mjini Tanga. Kazi yetu ni kuwapa watu mahali pa kuchapisha mtandaoni kwa majina yao wenyewe: washairi, walimu, kwaya mbili, kikundi cha akina mama wanaotengeneza sabuni ya mwani, na mzee mmoja anayekusanya maneno ya Kidigo. Maswali yafuatayo tunayajibu kwa simu karibu kila wiki. Tumeyaandika yote hapa, pamoja na yale ambayo majibu yake tuliyapata baada ya kukosea.

Kwa nini nisiandike tu Facebook au kwenye kundi la WhatsApp?

Andika huko pia. Huko ndiko watu waliko, na habari ya msiba au ya mkutano hufika upesi. Shida huja baada ya miaka miwili mitatu. Jaribu leo kutafuta ujumbe ulioutuma kundini mwaka 2021, na simu uliyoutumia ilishaibiwa. Ukurasa wenye anwani yake hukaa palepale. Mwanafunzi wa Morogoro anaufikia bila kuomba kuingizwa kundini, na mjukuu wako ataufikia bila kujua nenosiri lako.

Mnatoza kiasi gani? Mbona wengine wanatoa bure?

Shilingi 5,000 kwa mwezi au 50,000 kwa mwaka, kwa M-Pesa au Airtel Money. Wanafunzi hulipa nusu. Seva, yaani kompyuta inayohifadhi kurasa zenu, tunailipia kwa dola, umeme tunaununua kwa LUKU kama kila mtu, na hatuna mfadhili.

Wanaotoa bure hulipwa na mtu mwingine, mara nyingi mwenye matangazo. Matangazo hatuyaweki. Mtu ameandika shairi la kumlilia mama yake, halafu pembeni pake litokee tangazo la kamari. Hatujui tungemwambia nini mwandishi huyo akitupigia.

Kurasa zenu mbona hazina mapambo?

Kwa sababu ya bando. Ukurasa wa kawaida wa wavuti siku hizi unazidi megabaiti 2, kwa hiyo mwenye MB 100 hafikishi hata kurasa 50 kabla bando halijakata. Ukurasa wetu wa maandishi matupu tumeuwekea ukomo wa kilobaiti 50. Kwa bando lilelile msomaji anafungua kurasa 2,000. Ndiyo maana hatupakii aina za herufi kutoka nje, tunatumia zile zilizomo ndani ya simu yenyewe, na hakuna picha zinazozunguka juu ya ukurasa.

Picha zangu zimepungua ubora baada ya kuzipakia. Mnazifanya nini?

Tunazipunguza upana hadi pikseli 1,280 na kuzihifadhi kwa muundo wa WebP. Picha ya simu yenye megabaiti 4 mara nyingi hubaki na kilobaiti mia na kitu, na kwenye kioo cha simu huoni tofauti. Ukihitaji ile ya awali ibaki kama ilivyo, kwa mfano picha ya hati ya kale, kuna kisanduku cha kuweka alama.

Jambo la pili hatuna kisanduku chake, tunalifanya kwa kila picha: tunafuta taarifa za mahali ilipopigwa. Simu nyingi huandika ndani ya picha nukta kamili za eneo. Mwalimu akiweka picha ya watoto wakicheza uani kwake, hana habari kwamba ametangaza pia nyumba ilipo.

Tangazo langu nilipanga litoke saa 2 asubuhi, likatoka saa 11 alfajiri. Kwa nini?

Swali hili tuliulizwa na mwalimu mkuu mmoja mwaka wetu wa kwanza, na alikuwa na haki ya kukasirika. Makosa yalikuwa mawili, yakapandana. Yeye aliandika 02:00 akimaanisha saa mbili asubuhi, kama anavyosema mtu yeyote hapa. Fomu ikaielewa kuwa ni saa nane ya usiku. Juu ya hapo seva ilikuwa inahesabu kwa saa za Greenwich, ambazo ziko nyuma ya zetu kwa saa 3. Saa nane usiku ya Greenwich ni saa kumi na moja alfajiri ya Tanga, na ndipo wazazi walipoanza kupigiana simu.

Sasa hakuna tena kuandika 02:00. Unachagua saa, kisha unachagua alfajiri, asubuhi, mchana, jioni au usiku. Kabla hujathibitisha, sentensi nzima inakutokea: «Itatoka Jumatano, tarehe 5, saa 2 asubuhi, kwa saa za Tanga.» Hayo maneno ya mwisho tuliyaongeza kwa ajili ya mwandishi wetu aliyeko Muscat, ambako saa iko mbele yetu kwa saa moja. Tarehe nayo tunaiandika kila mara, maana ukisema «usiku wa Ijumaa», wengi wa pwani wanaelewa usiku unaotangulia mchana wa Ijumaa, na wa bara wanaelewa unaoufuata.

Nikitafuta «vitabu» mbona sipati makala iliyoandikwa «kitabu»?

Hili ndilo tulilolihangaikia kuliko yote, na bado halijaisha.

Programu nyingi za kutafutia zimetengenezwa kwa lugha ambazo neno hubadilika mkiani. Kiswahili hubadilika kichwani: kitabu na vitabu, mwalimu na walimu, jino na meno. Kitenzi ndicho kigumu zaidi, kwani aliandika, hawajaandika, tutaandikiana na kuandikwa yote yana mzizi mmoja uliofichwa katikati. Hifadhidata tunayoitumia, PostgreSQL, inakuja na kanuni za lugha nyingi. Ya Kiswahili haimo. Tulianza kwa kuiacha ilinganishe maneno yalivyo, na matokeo yake ndiyo hayo unayoyalalamikia.

Jaribio la pili lilikuwa kukata viambishi vya mwanzo. Ki- ikatoka, vi- ikatoka, zikabaki herufi t-a-b-u. Basi aliyetafuta vitabu akaletewa kila makala yenye tabu na mateso. Tukaiondoa siku hiyohiyo.

Tunachofanya sasa ni vitu viwili pamoja. Kwanza tuna orodha tuliyoiandika kwa mkono ya nomino na wingi wake, na mwandishi yeyote anaweza kutuongezea. Mzee wetu wa Kidigo ametuongezea nyingi kuliko sisi wenyewe. Pili, kwa maneno yasiyomo kwenye orodha, tunalinganisha vipande vya herufi tatutatu. Neno «tutaandikiana» lina vipande kadhaa vinavyofanana na «kuandika», kwa hiyo linapatikana, ila hukaa chini kwenye matokeo. Ukiona limekosekana neno ambalo ungetarajia kulikuta, tupigie. Kila simu ya namna hiyo inaingia daftarini.

Na «ng'ombe» je?

Ile alama ya juu. Kwenye kompyuta watu huandika alama iliyonyooka, simu nyingi huweka iliyopinda, na wengine hubonyeza ile inayoinama upande wa pili. Kwa jicho ni kitu kimoja, kwa kompyuta ni herufi tatu tofauti, na makala tatu za ufugaji zilikuwa hazijuani. Tumeziunganisha kwenye faharasa ya kutafutia tu. Maandishi yako hatuyagusi.

Kwenye anwani ya ukurasa alama hiyo huondolewa, na hapo tahadhari kidogo inahitajika: «ng'oa» ni kutoa kitu na mizizi yake, «ngoa» ni wivu. Mwandishi mmoja alikuwa na makala za yote mawili, ya pili ikaifuta ya kwanza. Siku hizi anwani ikigongana, ile mpya hupewa namba.

Shairi langu limevunjika vibaya kwenye simu. Nifanyeje?

Usifanye kitu, ni kazi yetu, na tunashukuru ukituambia. Mshororo wa mizani 16 ni mrefu kuliko upana wa simu ndogo. Tazama huu tuliouandika wa kujaribia:

Bahari yetu ya Tanga, ina mawimbi na kina

Simu ikikosa nafasi hukata popote inapoishiwa, na msomaji anaona:

Bahari yetu ya Tanga, ina mawimbi
na kina

Kina cha kati kimemezwa ndani ya mstari, cha mwisho kimebaki peke yake kama yatima, na mtu anayeghani kwa kusoma kwenye simu anapoteza pumzi. Mshairi aliyehesabu mizani zake kwa vidole usiku kucha hastahili hilo. Sasa ukichagua aina ya andiko kuwa «shairi», mfumo unatafuta mkato katikati ya mshororo, na pakibana unavunja hapo tu:

Bahari yetu ya Tanga,
ina mawimbi na kina

Ukwapi, yaani nusu ya kwanza, juu, utao, yaani nusu ya pili, chini, na utao tunausogeza ndani kidogo ili ijulikane bado ni mshororo uleule. Ubeti haukatwi kati ya kurasa mbili. Kwa tenzi, zenye mishororo mifupi ya mizani 8, shida hii haipo. Kwa mashairi huru tunaacha kila kitu ulivyokiandika, hata nafasi tupu.

Kazi hii ilituchukua majuma mengi na hakuna mteja mpya aliyekuja kwa sababu yake. Tungeifanya tena.

Mnapokea Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu?

Ndiyo. Ukurasa unageuka kusomwa kutoka kulia, na unaweza kuweka maandishi ya Kilatini sambamba. Tatizo linalobaki ni simu za zamani zisizo na herufi za ziada zinazohitajika kwa sauti kama p, v na ch. Huko msomaji ataona visanduku vitupu. Kwa hati hizo tunashauri uweke na picha ya ukurasa wenyewe.

Jina la tovuti ni la nani, langu au lenu?

Lako. Majina yanayoishia .tz yanauzwa na mawakala walioidhinishwa, na sisi tunakusaidia kununua, ila fomu inajazwa kwa jina lako, barua pepe yako na namba yako ya simu. Kikundi kimoja kilikuja kwetu kikilia: kijana aliyewatengenezea tovuti ya kwanza alikuwa ameandikisha jina kwake binafsi, akahamia mji mwingine, muda ukaisha, jina likaenda. Walikuwa wamelichapisha kwenye fulana 200. Kama una tovuti mahali pengine, uliza leo jina limeandikishwa kwa nani.

Seva zenu ziko wapi? Intaneti ikikatika inakuwaje?

Kuu iko Ulaya, kwa sababu ya bei. Kwa muda mrefu tuliona inatosha. Kisha tarehe 12 Mei 2024 kebo mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika upande wa kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Mtu wa Tanga alikuwa hawezi kusoma ukurasa wa jirani yake wa Tanga, kwa sababu ukurasa huo ulikuwa unalala ng'ambo na njia ya kwenda huko imezibwa.

Tangu hapo tunaweka nakala inayosomeka Dar es Salaam, kwa mtoa huduma aliyeunganishwa na TIX, kituo ambacho kampuni za intaneti za nchini hupeana trafiki bila kuipeleka nje. Kebo zikikatika tena, kurasa zitasomeka humu nchini. Kuandika kipya kutasubiri.

Vitu vyangu vinaweza kupotea?

Tunaweka nakala tatu: kwenye seva kuu, Dar es Salaam, na kwenye diski iliyofungiwa kabatini nyumbani kwa mmoja wetu, Raskazone. Zote tatu kuwa mahali tofauti ndiyo maana yake. Tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo la seva la OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa, na baadhi ya wateja walipoteza tovuti pamoja na nakala zake, kwa kuwa vyote vilikuwa eneo moja.

Kuwa na nakala peke yake hakutoshi, na hili tunalisema kwa uchungu. Kwa miezi minne nakala zetu zilitengenezwa kila usiku bila hitilafu, tukaridhika. Siku tulipojaribu kurudisha tovuti moja kwa majaribio tu, maandishi yalikuwepo na picha hazikuwepo. Folda ya picha haikuwa kwenye orodha. Hakuna aliyepoteza kitu, kwa rehema ya Mungu. Sasa kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi tunachukua tovuti moja kwa bahati nasibu na kuirudisha nzima kwenye kompyuta tupu.

Nahitaji leseni ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania?

Inategemea unachochapisha. Kanuni za maudhui ya mtandaoni zilipotoka mwaka 2018, ada ya leseni peke yake ilikuwa shilingi milioni 1, na watu wengi wanaoandika peke yao walizima kurasa zao mwezi Juni mwaka huo. Kanuni mpya zilikuja 2020, zikarekebishwa 2022. Kama utachapisha habari na matukio, nenda ofisi za TCRA uulize kwa maandishi kabla hujaanza. Leseni hatuwezi kukukatia sisi, na leseni yetu haikufuniki wewe.

Naweza kuchapisha mashairi ya kale?

Kwa sheria za Tanzania na Kenya haki ya mwandishi hudumu miaka 50 baada ya kifo chake. Muyaka bin Haji alifariki 1840, mashairi yake ni ya wote. Lakini maelezo na ufafanuzi alioongeza mhariri wa karne ya 20 vina mwenyewe, na ndivyo watu husahau wanapopiga picha kitabu kizima. Andika mashairi, acha maelezo, au omba ruhusa.

Nitajuaje watu wangapi wamesoma?

Tunahesabu kwa kumbukumbu za seva, kwa siku na kwa ukurasa, roboti, yaani programu zinazofungua kurasa zenyewe, tukiziondoa kadiri tunavyozitambua. Hatuweki vifuatiliaji vya kampuni nyingine. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu awe na sababu. Ya kukusanya za wasomaji wako hatuna.

Nimejiandikisha, mbona ukurasa wangu haujaonekana?

Kila akaunti mpya inasomwa na mmoja wetu kwanza. Tulipoacha mlango wazi, kurasa za kamari na za mikopo ya haraka ziliingia kwa mamia wiki moja, na injini za kutafuta zikaanza kutushusha sote. Kwa kawaida hutasubiri zaidi ya siku moja, isipokuwa sikukuu.

Mnaamuaje nini cha kuboresha?

Kwa daftari. Kila simu ya lalamiko tunaiandika kwa maneno ya mpigaji, siyo kwa maneno yetu. Jambo likijitokeza mara ya tatu linaingia kwenye kazi. Tunabadilisha kitu kimoja kwa mwezi, kamwe si Ijumaa, na hakitoki mpaka kifanye kazi kwenye Tecno ndogo ya zamani tuliyoinunua kwa ajili hiyo.

Tulijifunza kwenda polepole kwa sabuni. Tuliwahi kubadilisha mpangilio wa anwani zote ili ziwe fupi na nzuri. Akina mama wa mwani walikuwa wameshachapisha anwani ya zamani kwenye karatasi za kufungia sabuni, na kwa majuma mawili kila mnunuzi aliyeifungua aliambiwa ukurasa haupo. Tuliwaomba radhi, tukalipia karatasi mpya. Kanuni yetu tangu hapo: anwani iliyokwisha kutoka haifi. Ikibadilika, ya zamani humpeleka msomaji kwenye mpya, hata ikipita miaka 10.

Naweza kuondoka na vitu vyangu? Na mkifunga?

Bonyeza «Pakua vyote». Unapata folda yenye kurasa zako na picha zako, inayofunguka kwenye kompyuta yoyote bila intaneti na bila sisi. Hatuulizi kwa nini unaondoka.

Kufunga kunatokea hata kwa wakubwa. GeoCities ilianza 1994, ikanunuliwa na Yahoo 1999, ikazimwa 2009, na kurasa nyingi za watu wa kawaida ziliokolewa tu kwa sababu watu wa kujitolea walikesha kuzinakili. Sisi tunaweka kando fedha za seva za mwaka mzima, hatuzigusi kwa kingine. Ikitulazimu kufunga tutawatangazia miezi 6 kabla, na kurasa zitaendelea kusomeka mpaka fedha hizo ziishe.

Nikifa, maandishi yangu yatakuwaje?

Kwenye akaunti yako kuna sehemu inayoitwa «Mrithi». Andika jina na namba ya simu ya mtu mmoja, na mwambie kwamba umemwandika. Taarifa ikitufikia tutampigia sisi, baada ya arobaini, tumuulize kama anataka kurasa zibaki, ziondolewe, au apewe zote kwenye diski. Ada ya mwaka wa kwanza baada ya msiba hatuitozi. Waliojaza sehemu hiyo ni wachache mno. Tafadhali ijaze leo ukimaliza kusoma hapa.